Mto wa Sufi

Mama Ngassa,

Ukirudi sokoni na mtoto, uji wako umo kwenye chupa. Maharage yameiva, yaunge tu. Mimi naenda Tinde kwa wifi yangu. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumamosi.

Asubuhi umeninyang'anya mjukuu wangu mbele ya jirani, eti namletea mambo ya kizamani. Yapi? Nimekuta mto umemziba pua, nikautoa! Wanangu saba wote niliwalaza kwenye mito, ndiyo. Nesi alipotueleza hatari yake, nikaacha, na uzee wangu huu. Wewe uliyesoma ndiye unayemshonea Ngassa mto wa sufi, tena wenye maua!

Usihangaike kuutafuta. Nitaukalia kwenye basi.

Ni mimi,
mkweo wa kizamani