Mota Iliyokimbia Kinyumenyume

Pito, Sumbawanga

Kaka Theodory,

Shikamoo. Huku ulezi umekubali, na mama anakusalimu sana.

Ile mota ya mradi wangu wa chuo, ninayoijaribu kwenye kompyuta tu, wiki nzima ilitetemeka kisha ikakimbia kinyumenyume. Nami nikazidi kuipa umeme! Baba akachungulia, akacheka: “Unamchapa ng'ombe kabla hujaona ameelekea wapi?”

Nikakagua. Kumbe nilikuwa nimeiambia kompyuta sumaku ya ndani imeelekea mbele, nayo imeelekea nyuma! Nikarekebisha, ikazunguka vizuri. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Baba alikuwa ameacha kucheka. Akasema taratibu, “Theodory naye nilimchapa hivyo hivyo, kabla sijaona ameelekea wapi, mpaka akaondoka.”

Rudi nyumbani, kaka. Plau yako Baba hajamkabidhi mtu.

Mdogo wako,
Cornelia