Tumeficha Dhahabu na Harusi Imekaribia

Bi Mshauri wetu, shikamoo. Mie ni mama wa mtoto mmoja wa kike, nakaa Temeke, naandika huku nacheka na huku naogopa, naomba unitoe kwenye shimo nililolichimba mwenyewe. Mwezi uliopita nilipeleka bangili yangu moja kwa sonara wetu, Nazarali, nipate kununua cherehani, akaipima, akatikisa kichwa, akasema, "Bei imeanguka, mama. Mie natamka tu, wanaopanga ni makampuni ya migodi." Nikarudi nayo. Jirani yetu Anselmo, aliyefanya kazi mgodini kule Ziwa, akanieleza kuwa makampuni yakitaka bei ipande huificha dhahabu, hayauzi hata chembe mpaka wanunuzi walie. Nikaona kumbe jambo lenyewe jepesi, nikawaita wenzangu sita wa chama chetu cha ngoma ya lelemama, tukala yamini: hakuna kuuza, hakuna kuvaa, Nazarali asione dhahabu mtaa mzima mpaka aongeze. Zangu ziko ndani ya debe la unga wa muhogo. Mwanangu anaota meno, alizoea kuitafuna bangili nikimnyonyesha, sasa anaushika mkono mtupu na kunitazama kama nimemwibia.

Nazarali hajaongeza hata senti, na wifi yangu Zuena anaolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, na chama cha wapinzani wetu kitakuwapo. Mama mkwe keshaniuliza, "Mwanangu, dhahabu nilizokuvika ziko wapi, au mmezila?" Nikamwambia zinasafishwa. Nikivaa, nimevunja yamini niliyowaapisha wenzangu mwenyewe, nisipovaa namwaibisha mama wa watu mbele ya ukoo. Nifanyeje?

Tunu binti Mfaume, Temeke

*

Marahaba, Tunu. Nimecheka mpaka nimevua miwani. Sasa nisikilize.

Bangili za wanawake saba, makampuni hayana habari nazo. Yenyewe, pamoja na ukubwa wake, huuza kwa bei inayopangwa na serikali kubwa huko ng'ambo, na tangu paundi ya Mwingereza iliposhushwa thamani mwaka jana, na shilingi yetu pamoja nayo, dhahabu imepanda, haikuanguka. Nazarali kakudanganya, nawe hukuuliza kwa mwingine. Kampuni humwonea mchimbaji mdogo aliye porini, asiye na mnunuzi wa pili. Akiambiwa chukua hiki, huchukua. Nyie mko Temeke, mji una masonara tele, mnajua mlango mmoja tu. Kampuni yenu ni Nazarali, na mliomtawaza ni nyie.

Hata hivyo, aliyeweza kuwavua wanawake sita dhahabu zao kwa maneno matupu si mtu mdogo, mwanangu. Akili hiyo itumie vizuri.

Waite wenzako uwaambie umekosea, wala usimsingizie Anselmo. Yamini ina kafara yake: mwulizeni mwalimu wa chuo cha Kurani, mpike, mlishe maskini, mmalize. Mama mkwe mwambie kweli. Akikutania mwaka mzima, vumilia. Harusini vaeni zote na mcheze, kwani shingo tupu haijapandisha bei ya kitu ila umbeya.

Harusi ikiisha, nendeni mjini wote saba kwa siku moja. Ingieni kwa masonara watatu, bangili ipimwe mbele ya macho yenu, na asiyetaka mwone mizani mwacheni. Atakayetoa zaidi mwuzie, ununue cherehani papo hapo, mrudi mkiibeba kwa zamu.