Mzizi wa Luberizi na Vidonge vya Hospitali

Mama yangu,

Natumaini magoti yamepunguza kuuma, na kwamba kwa mvua hizi mto Mulongwe haujaingia tena uani. Huku Ubelgiji baridi inaanza kutoka. Mimi niko mzima, kazi inaendelea.

Ile mizizi uliyompa jirani aniletee ilifika. Unajua kazi yetu kwenye labo ni kupima mimea. Nilimweleza mkuu wetu, mama mmoja mtu mzima, kwamba mdogo wangu Byamungu alianza kusikia sauti za watu wasioonekana, akaacha kubeba mizigo bandarini Kalundu, nawe ukaenda hadi Luberizi kumtafutia dawa kwa mzee anayejua miti. Hakucheka. Alisema mmea huo wanaufahamu.

Tukapima. Mzee hakukudanganya: ndani mna kitu kinachotuliza akili kweli. Zamani madaktari walikitumia kwa wagonjwa kama Byamungu. Wengi wakakiacha, kwa sababu kinashusha presha sana, na wagonjwa wengine kiliwatia huzuni nzito. Tena vipande vya mfuko uleule havikulingana nguvu. Wewe unachemsha kwa kukadiria, huwezi kujua umetia kipi sufuriani.

Kwa kuwa Byamungu anameza pia vidonge alivyopewa hospitali, nikamuuliza mkuu wetu, "Na akinywa pamoja na vidonge vya hospitali?"

"Anaweza kuanguka," akasema.

Nikampigia Byamungu siku hiyohiyo. Akasema, "Dada, nilishaanguka. Kwenye ngazi za bandari, nilipojaribu kurudi kazini. Mama nilimwambia niliteleza."

Nikamuuliza kwa nini alificha.

"Njia ya Luberizi ilikuwa imefungwa, mama akaifuata iyi dawa kwa miguu. Miye nitamwambia namna gani kama iko inaniangusha? Sauti zimepungua, ni kweli. Lakini mutoto wangu akicheka, sisikii kitu ndani."

Nilimwambia aende kwa dokta akaeleze yote. Alienda. Dokta hakumgombeza. Alimpima presha, akamwambia auache mzizi, abaki na vidonge, na arudi mara kwa mara wamwangalie. Basi tangu hapo, kikombe unachomwekea asubuhi anakimwaga nyuma ya nyumba. Nakuambia mimi kwa sababu yeye ameshindwa, na amenikubalia niandike. Sauti moja imerudi, lakini anasema ni ya mbali na anaiweza. Kizunguzungu kimekwisha.

Mzee wa Luberizi mpelekee habari hii kwa heshima. Hata yeye inafaa ajue kwamba wagonjwa wake wengine wanameza vidonge vya hospitali.

Nisalimie tantini Faida pale anapouzia samaki wa ndagala, baba mdogo katekista, na mke wa Byamungu, aliyevumilia mengi bila kusema.

Mama, usimkasirikie. Alikuwa anaogopa zaidi kukuumiza kuliko alivyoogopa kuanguka. Kesho asubuhi usimwekee kikombe. Mwite tu mnywe chai.

Binti yako,
Nabintu