Viti Vitupu, Madirisha Yamejaa

Jumatatu, Bariadi. Jua limewaka tangu asubuhi. Mchana mawingu yakajikusanya upande wa Maswa, mtaa mzima tukaanua nguo, halafu yakaondoka bila kutuachia hata tone. Na mimi nimeshinda hivyo hivyo, nimejikusanya siku nzima na sijanyesha.

Nimeshona sketi moja ya shule nikaifumua mara mbili. Mwenyewe akija kuichukua nilitaka kumwambia umeme ulikatika. Hapana, huo ni uongo. Nitamwambia kichwa changu hakikuwa kwenye cherehani.

Kilikuwa ukumbini.

Kwa mnaonisoma leo mara ya kwanza, mimi ni fundi cherehani hapa mjini, mama wa watoto wanne, na ni mwanakwaya wa parokia yetu tangu nikiwa msichana. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Minza kwenye simu, akaniambia, mama, yale unayomsimulia kila mteja, andika tu. Basi naandika.

Mwaka jana Mwalimu Amani, kijana aliyeletwa kutoka Mbeya kufundisha sekondari, alikuja kwenye mazoezi ya kwaya akasema ametunga igizo ambamo watu hawasemi sana, wanaimba. Ni habari ya mama mkulima wa pamba. Mwanawe wa pekee anachukua fedha ya mavuno, anakimbilia kwenye machimbo ya dhahabu, shimo linamwangukia, anarudishwa akiwa maiti. Mama huyo ndiye mimi. Sijui Mwalimu aliniona wapi. Miaka yote nimeimba mstari wa nyuma, sauti ya pili, na sauti ya pili ikiimbwa vizuri hakuna anayeisikia. Lakini kwenye igizo nina wimbo wangu mwenyewe. Nasimama mbele ya mwanangu aliyefunikwa shuka, wenzangu wote wananyamaza, naimba peke yangu.

Nakiri hapa, naupenda wimbo ule kuliko inavyofaa mtu wa sala.

Sasa tunaliigiza kila Jumamosi ukumbini, na tatizo letu ni tiketi. Kamati ya tiketi mwenyekiti wake ni mimi, kwa sababu eti fundi anaonana na watu wengi. Ni kweli naonana nao. Nimeuza kanisani baada ya Misa, nimeuza sokoni, nimeuza hapa hapa barazani kwangu. Yaani nimejaribu kuuza. Bei yake haizidi sahani ya wali na maharage. Hakuna anayekataa. Mtu anaipokea tiketi, anaitazama mbele na nyuma, anaisifia ilivyochapwa, halafu ananirudishia. "Niwekee, Mama Minza." Nina kopo zima la vifungo ambalo sasa lina tiketi za niwekee. Jumamosi ikifika walioniambia niwekee hawaji kuchukua, na nikikutana nao Jumapili wananisimulia igizo lilivyokuwa.

Wananisimulia mimi.

Ungesema hawalitaki. Lakini nenda bombani asubuhi, wasichana wanajaza ndoo huku wanaimba wimbo wa wachimbaji. Muuza dagaa anayetoka Mkula, kule ziwani, anaimba wimbo wangu, na anaukosea katikati, nilimrekebisha. Vijana wa bodaboda wanauita ule wa "mama wa shuka." Mwalimu Amani anasema kosa ni letu, tulifanyia mazoezi nje, kwenye ukuta wa kanisa, kwa miezi mitatu, kila apitaye njia akasimama akatazama. Sasa mji mzima unajua mwana anakufa, nani atalipa aje kuambiwa tena? Niliona ana hoja. Nilipomweleza mume wangu akaacha kula, akauliza, mbona Krismasi watu wanajaa na wote wanajua atakayezaliwa? Nikaona naye ana hoja.

Hapo ndipo ninapochoka. Kila anayesema namwona ana hoja.

Niwaambie la juzi Jumamosi, maana ndilo lililonivuruga.

Tulianza saa kumi jioni. Nilichungulia kutoka nyuma ya pazia nikaona viti. Mbele kabisa alikaa muuguzi mmoja wa hospitali, dada wa Kilimanjaro aliyehamishiwa hapa, na wenzake wa kazini. Nyuma yao wazazi wa wanakwaya, tena si wote. Baada ya hapo ni plastiki nyeupe mpaka mlangoni. Roho ikanishuka. Halafu nikatazama pembeni. Madirisha ya ukumbi ule yana nondo tu, hayana vioo, na kila dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Watu wamesimama juu ya matofali, juu ya keria za baiskeli, akina mama wamebeba watoto mgongoni. Na kwenye dirisha la pili alikuwepo Baba Minza. Mume wangu. Ambaye nilimnunulia tiketi mimi mwenyewe na alikuwa nayo mfukoni.

Mpaka nilipofika kwenye wimbo wangu mambo yalikuwa yanakwenda. Kulwa, kijana anayeigiza mwanangu, amelala amefunikwa. Mimi naimba. Na walioko nje wakaanza kuimba nami, polepole, kama vile watu wanavyoimba msibani wenyewe bila kuongozwa. Jamani, sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mkono ulikuwa umepita kwenye nondo za dirisha, mkono wa mzee, umeshika noti nyekundu ya elfu kumi.

Wasiotoka huku niwaeleze kidogo. Kwetu mtu akiimba au akicheza akakugusa, humwachi hivi hivi, unamtunza. Unamwendea hapo hapo, wakati bado anaimba, unampa fedha au unamfunga kitenge. Na anayetunzwa hasimami kama mti. Akiwa ni mzee anayekupa, unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, unaitikia salamu yake.

Basi nilimwacha maiti wangu. Nilikwenda dirishani, nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili. Mzee akanisalimu Kisukuma, "Mhola, mayu?" yaani u salama, mama? Nami nikaitikia, "Mhola duhu, baba," nikamshukuru, wabeja sana, nikamuuliza na za nyumbani na za pamba. Hapo tayari mkono wa pili umepita, na wa tatu, na mama mmoja anasukuma kitenge kipya kati ya nondo. Vigelegele vikapigwa nje. Nikasikia shuka nyuma yangu inatikisika. Kulwa alikuwa anacheka. Maiti anacheka, mama wa marehemu anaulizana habari za pamba na watu wa dirishani.

Nilirudi nikamaliza wimbo. Lakini nilipomtazama Mwalimu Amani pale pembeni, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na sura ile isipokuwa yule ambaye shamba lake limeliwa na viwavi.

Baadaye yule muuguzi alinifuata nyuma ya pazia. Hakuwa na hasira, alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Mama, umeimba vizuri sana. Ila sisi tuliolipa umetupa mgongo."

Nimeibeba sentensi hiyo mpaka leo.

Kwa sababu ni kweli. Na pia ni kweli kwamba ile mikono ya dirishani ilitoa zaidi ya bei ya tiketi. Mzee yule kwa noti yake angeingia yeye na familia yake na wangekaa mbele. Kwa hiyo si ubahili. Si umaskini. Si kwamba hawalipendi igizo. Sasa ni nini?

Jana baada ya Misa nilimbana mume wangu aniambie kwa nini alisimama nje na tiketi anayo. Aliona haya kwanza. Ujana wake alikuwa mchezaji ngoma, na mnajua ngoma zetu za baada ya mavuno zilivyo, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, watu wanahamia kule kunakonoga, na kundi lililobaki bila watu limeshindwa. Akasema uwanjani hakuna aliyewahi kukata tiketi. Mtu akikaa, anakaa kwa sababu umemshika. Lakini mtu aliyekwisha kulipa mlangoni, ataondokaje? Na kama hawezi kuondoka, utajuaje kwamba amependa? Alisimama nje, anasema, ili nijue kwamba hakuondoka.

Nikataka kulia na nikataka kumkemea kwa kuipoteza tiketi bure. Nikafanya yote mawili.

Leo asubuhi Mwalimu Amani alikuja barazani kwangu na uamuzi. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho tuliyopewa ukumbi kabla ya msimu wa harusi kuanza. Viti vikibaki vitupu, igizo limekufa, hatalirudia tena. Kwa hiyo ameazima maturubai, ataziba madirisha yote kutoka nje. Anayetaka kuona, aingie. Alisema walimu wenzake wanamcheka, wanamwambia amepeleka igizo kwa watu wa ng'ombe. Macho yake yalikuwa mekundu. Ni kijana mzuri, amelitunga lile jambo kwa miaka, na hakuna siku amenikaripia. Nikamwambia sawa, Mwalimu, ziba. Yeye naye nilimwona ana hoja.

Haujafika hata mchana akaja Mama Doto, jirani wa sokoni, kupunguziwa gauni. Akaniuliza Jumamosi tunaanza saa ngapi, maana anamleta mkwewe kutoka Sola, aje amwone mama wa shuka. Nikafurahi. Nikafungua kopo nikatoa tiketi mbili. Akazitazama mbele na nyuma.

"Mayu," akasema, "hii ni ya mlango. Mimi nimemwambia mkwe wangu tunakuja kukuona wewe."

Nikamweleza kwamba safari hii madirisha yatazibwa. Akaitazama tepu niliyomzungushia kiunoni. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa, "Tumekukosea nini?"

Nilimpunguzia gauni pale pasipohitaji kupunguzwa.

Mchana nikakaa na rozari. Fumbo la kwanza niliomba viti vijae. La pili nikajiuliza kama inafaa kumwomba Mama Maria habari za tiketi. La tatu nikawa namwombea Mwalimu. La nne nikajikuta naomba madirisha yasizibwe, na hapo nikaacha, kwa sababu sikujua tena naomba kwa ajili ya nani. Ni kwa ajili ya Mama Doto na mkwewe? Au ni kwa ajili ya fundi fulani wa mstari wa nyuma ambaye amezoea kusikia mji mzima ukiimba naye, na sasa anaogopa kuimba mbele ya watu wachache wanaokaa kimya kwa adabu? Bwana ananijua. Mimi mwenyewe sijijui.

Hata hivyo jioni hii nilimpigia Mwalimu. Nikamwambia, "Mwanangu, ukiziba madirisha, utafute mama mwingine."

Nilishangaa kujisikia. Mimi si mtu wa kusema hivyo. Padri akisema tuhame benchi, mimi ndiye wa kwanza kuhama.

Mwalimu akasema, taratibu, kwamba wale walionunua tiketi nao ni watu, wametoka makazini wamechoka, wamelipa, na wao wanapenda kwa kunyamaza, ndivyo walivyofundishwa huko kwao, na yeye mwenyewe amelelewa hivyo. Akasema alipoandika wimbo ule alimfikiria mama yake, na mama yake asingeweza kuinuka msibani kwenda kuulizana habari za pamba. Akakata simu. Hakukata kwa hasira. Alikata kama mtu aliyesema kitu ambacho hakukusudia kukisema.

Hilo la mama yake sikulijua. Nimeimba msiba wa mama wa mtu miezi yote hii bila kuuliza.

Nikakaa. Wali ukaungua. Minza akauokoa nusu.

Sasa hivi, nikiwa naandika, ujumbe wake umeingia. Ni mfupi. Anasema madirisha hatayaziba. Tiketi zitauzwa kama kawaida, na wanaotaka kutunza watatunza igizo likiisha, mimi mwenyewe nitoke nje niwatangazie kabla ya kuanza, kwa Kisukuma, kwa sababu mimi watanisikiliza. Kama viti havitajaa, basi havitajaa, kama igizo limekufa au halijafa atajua mwenyewe moyoni. Halafu mwisho kabisa ameuliza swali moja. "Ila niambie, Mama, wimbo ukifika, utaimba umetazama wapi?"

Nimesoma ujumbe huo nikauweka, nikausoma tena. Sijamjibu. Nikitazama viti, wa dirishani wataona sikio langu. Nikitazama dirisha, yule dada muuguzi atapata mgongo mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimefanya nikijua. Nikimtazama marehemu wangu, labda ndivyo mama wa Mwalimu alivyofanya, sitamwona yeyote. Je, wao wataniona?

Kesho baada ya Misa ya asubuhi nitaomba ufunguo wa ukumbi. Nitapanga viti mwenyewe, nisimame pale mbele, nisogee hatua moja moja, mpaka nipate mahali ambapo mtu wa kitini na mtu wa dirishani wote wanaona uso. Kama hapo mahali papo, nitapaweka alama ya chaki.