Upande wa Jicho Lako Zima

Mdogo wangu Somoe,

Salamu kutoka Msimbati zikukute mzima huko ng'ambo ya Ruvuma, wewe na mjomba na wote wa nyumbani kwake. Ningekupigia simu, lakini unanijua. Ningeanza kwa kelele, ningemalizia kwa kilio, na la maana lingebaki mdomoni. Kwa hiyo naandika.

Nimekaa na bandeji jichoni siku kumi. Kijiti cha mkorosho kilinichoma nikiokota korosho, daktari wa Mtwara mjini akalifunga jicho akasema nisiliguse. Nikajiambia si neno, jingine si ninalo? Lo! Asubuhi yake namimina chai, kikombe kiko mbele yangu, chai ikaenda kwenye mkeka. Nikamimina tena, mkeka tena. Mara ya tatu nikagusisha mdomo wa birika kwenye kikombe, ting, ndipo nikamimina. Ule mlio nikaujua palepale. Ni wako, Somoe. Ulimimina hivyo tangu ulipobaki na jicho moja utotoni, na mimi nilikuwa nakuiga mbele ya wageni, ting ting ting, ili wacheke. Nikaweka birika chini nikalia peke yangu.

Nikaenda hivyohivyo kwenye kikundi chetu cha kubangua korosho, maana kukaa bure siwezi. Kwa kuwa mashine ya kubangulia nisingeiweza, nikakaa mahali pako, pale mezani pa kuchambua. Korosho nzima beseni hili, nusu lile, vipande lile, zilizoungua lile la nyuma. Kazi niliyokuwa nasema hata mtoto anaiweza! Mwenzangu, natazama mabeseni, natazama korosho mkononi, nikiinua uso nimeshasahau lipi la nini. La mbele na la nyuma naona yamebanana pamoja, akili yote inaishia kukisia lipi liko karibu. Korosho nzima nikazitupia kwenye zilizoungua. Akina mama wakaona. Najua walichokuwa wanakumbuka.

Siku ile niliyokufukuza, nilikuwa nimeyasogeza mabeseni ili gunia lipate nafasi, sikumwambia mtu. Nikarudi nikakuta umechanganya korosho, na mkono wako unatembea juu ya mabeseni, moja baada ya jingine. Nikakusema mbele ya wote: "Unapapasa nini? Jicho unalo, akili ndiyo huna. Nenda nyumbani, hapa tunataka watu makini." Ulivua aproni, ukaikunja vizuri. Ukasema neno moja tu, "Dada, umeyahamisha mabeseni." Wiki haikuisha ukavuka mto pale kivuko cha Kilambo kwenda kwa mjomba. Huu mwaka wa tatu.

Nilipokwenda kufunguliwa bandeji nikamuuliza daktari, "Hivi liliumia jicho au akili?" Akacheka. Akaweka kalamu mbili mezani, moja karibu, moja mbali. Akasema macho mawili yakishirikiana, akili inapata umbali bila taabu, nayo inavipanga vitu: hivi vya mbele, vile vya nyuma. Ikishika cha mbele, cha nyuma hakiisumbui sana, na kukumbuka kunakuwa rahisi. Mwenye jicho moja naye anajifunza njia zake, hasa akianza mdogo, na kwa mambo mengi huwezi hata kumjua. Ila vitu vikirundikana, au mtu akivihamisha ghafla, akili inakuwa na kazi mbili, na kimojawapo kinaweza kumponyoka. "Watu wanamwita mzembe," akasema, "kumbe umakini anaoutumia ni mwingi kuliko wako." Maskini, hakujua anamwambia nani.

Ningeweza kuishia hapo, nikuombe radhi ya mabeseni, yaishe. Nilitaka kufanya hivyo. Barua ya kwanza iliishia hapo, nikaichana, kwa sababu ni uongo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaanga korosho uani kwa Mama, kwenye lile bati lenye matundu. Alitukataza kuongeza mbichi bati likishashika moto, kwa sababu yale mafuta ya ganda yanaruka. Wewe ulikuwa umekaa upande wa pili, unanisimulia kitu, wala sikumbuki nini. Nikachota mbichi kwenye kanga nikazitupia ghafla, ili ushtuke, nicheke. Basi. Nilitaka kucheka tu. Ganda likapasuka, ukashika jicho la kushoto ukapiga ukelele, na Mama akaja mbio akiuliza kumetokea nini. Nikasema, "Somoe kainamia moto, nimemkataza hasikii."

Mama aliamini. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akikwambia, "Ukaidi wako ndio uliokula jicho lako," nami nipo, nakula, nasikia, nanyamaza. Kwa ghafla ile, sijui kama uliona mkono wangu ukizitupa. Kama ulijua na ukaninyamazia miaka yote hii, basi sina hata pa kuficha uso wangu. Jicho nililitoa mimi, halafu nikakufukuza kazi kwa kukosa jicho. Naona aibu, Somoe.

Jana niliwaambia akina mama wote kikundini haya yote, neno kwa neno. Mmoja aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu. Mabeseni nimeyarudisha ulivyokuwa umeyapanga wewe, na hakuna anayeyagusa. Lakini sikuiti urudi kazini. Hilo ni lako kuamua.

Ijumaa nitavuka Kilambo. Ukikataa kuniona, mwambie mjomba anirudishe mlangoni, nitarudi bila maneno. Ila ujue sitakuja kama zamani, nilivyokuwa nakunyemelea upande usioona ili ushtuke. Nitapita kuliani kwako, nisimame mbali kidogo, uniangalie vizuri unavyotaka kabla sijafungua mdomo.

Ni mimi dada yako,
niliyezitupa zile korosho.