Nambari 417 Chini ya Kigoda

Jumatatu, 3 Juni

Chiriku ameshinda. Tunakwenda Gereza Kongwe siku yake ya kuzaliwa. Nilimwambia achague keki, gauni au matembezi — kachagua mizimu! Mtoto wa kike anataka kufungiwa gizani apigiwe kelele na watu waliojipaka unga usoni. Haya. Nimemzaa mwenyewe, siwezi kumkana.

Kipeperushi ninacho hapa. Gereza lilifungwa miaka mingi iliyopita, sasa watu wanakata tiketi ili watishwe. Moshi, minyororo, vilio kutoka kwenye spika. Chini ya miaka kumi na miwili hawaruhusiwi (Chiriku anatimiza Jumamosi ya tarehe 15, siku hiyohiyo tunayokwenda). Viatu vya kufunika vidole. Wenye ugonjwa wa moyo wabaki nje. Kila mgeni anavalishwa shati lenye nambari na kuitwa kwa nambari yake, kama mfungwa.

Nitamchukua na Baba. Alifundisha useremala humohumo kabla hajaoa, marehemu Mama alitusimulia mara mia. Atafurahi kupaona tena.

Jumanne, 4 Juni

Hakufurahi.

Nilimwambia wakati wa chai. Akakoroga kikombe weee, na chai yake haina sukari. Halafu: yeye haendi. Nikamwambia Baba, ni mchezo tu, mjukuu wako anatimiza miaka kumi na miwili mara moja. Akasema miguu inamuuma. Miguu ileile iliyopanda juu ya paa juzi kuziba panapovuja!

Mzee ni mbishi, lakini na mimi ni mwanawe. Nikiwa kazini nikapiga simu Gereza Kongwe. Akapokea karani wa tiketi, dada mmoja mchangamfu. Nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa mtumishi wa humo zamani. Kidogo azimie! Hawajawahi kumpata mtumishi wa zamani hata mmoja. Wakati wa kuita nambari, anasema, ataingia na kofia ya askari jela na rundo la funguo, amvalishe mzee mbele ya kundi zima, apigiwe makofi. Nikasema safi sana, ila usimwambie mtu. Akishapigiwa makofi hiyo miguu itapona yenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaza fomu kwenye simu, Chiriku kaniegemea begani anapumulia sikio langu. Kuna sehemu ya kuchagua nambari ya shati. Mimi 9, ndiyo nambari niliyoanza nayo kazini kwa dobi, nikipiga pasi. Chiriku hakufikiri hata kidogo. 417! Kwa nini? Si ile ya kigoda cha Babu, akasema.

Kweli. Kigoda cha jikoni, alichokitengeneza Baba kabla sijazaliwa, kimechongwa 417 chini ya ubao. Tukiwa wadogo mimi na kaka tuliamini Baba alitengeneza vigoda mia nne na kumi na sita kwanza, ndipo akafika kwenye chetu. Tulikuwa tukijiuliza vingine viko kwa nani.

Baba nimemwandikia 52. Bado anasema haendi. Tutaona.

Ijumaa, 7 Juni

Anakwenda!

Sikufanya lolote, ni Chiriku. Baba alikuwa uani anapiga randa mguu wa meza ya jirani, mtoto anamsomea kipeperushi kwa sauti ya kutisha. Alipofika kwenye karakana ya useremala, randa ikasimama. Baba akauliza, karakana bado ipo? Ipo, Babu, na picha yake hii hapa. Akaomba miwani. Akaitazama ile picha mpaka mtoto akachoka kuishika. Halafu akasema nitakuja, akarudi kwenye randa yake.

Mama Pacha wa kazini kaniambia umeona, wazee ni wa kubembelezwa. Mimi sikumbembeleza mtu, nimekaa tu na nimeshinda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeandika ukurasa huu nikauchana. Naanza upya.

Leo hoteli imeturudishia furushi la mashuka, moja lina alama ya pasi iliyounguza, kubwa kama kiganja. Nikageuza kibandiko: 23. Nikamwita 23, akalia, nikamwambia punguza moto, futa machozi. Kawaida yetu. Kila mpiga pasi anabandika nambari yake kwenye furushi ili likirudi na doa ajulikane. Mimi tangu niwe msimamizi sibandiki chochote. Msimamizi hana nambari. Nambari ni ya anayekaguliwa.

Nikabaki nimesimama na shuka mkononi. Mama Pacha akaniuliza nimeona nyoka?

Mwalimu wa useremala achonge nambari chini ya kigoda, ili akaguliwe na nani?

Nimefika nyumbani nikakipindua. 417, imechongwa vizuri, tarakimu za mtu asiye na haraka. Pembeni kuna mabaki ya muhuri wa rangi nyekundu ambao maisha yangu yote nilidhani ni rangi iliyodondoka. Bado unasomeka: KIMEPASISHWA.

Nimempigia kaka. Akauliza kama ndiyo kwanza najua leo. Yeye alijua tangu anaoa! Miaka minne ndani, kasema. Kwa kosa gani? Hajui, hakuuliza, na mimi nisiulize. Mama ndiye aliyetaka tuambiwe alikuwa mwalimu. Nimemkatia simu. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani hasa, wote wanafaa kukasirikiwa.

Jumanne, 11 Juni

Kofia!!

Nimeamka nayo kichwani. Nimemwandalia baba yangu makofi na kofia ya watu waliomfungia mlango miaka minne.

Jumatano, 12 Juni

Yule dada mchangamfu yuko likizo fupi, anarudi Jumamosi asubuhi. Aliyepokea ni mwanamume mwenye mafua. Nikamwambia shughuli ya kofia ifutwe, na shati 417 libadilishwe. Fomu ikishatumwa haibadiliki, anasema. Na kofia? Ataandika ujumbe. Ataandika wapi? Kwenye karatasi. Karatasi gani? Hii hapa. Nimesikia kweli kalamu ikikwaruza, lakini na mimi nimeshaandika karatasi nyingi zilizofungiwa maandazi.

Jioni nikajaribu kwa Baba. Nikasema kama miguu inasumbua, tunaweza kwenda sisi wawili tu. Akasema miguu mizima. Kisha akasema kuna benchi alilitengeneza kule, la watu nane, halina msumari hata mmoja. Anataka aone kama bado limesimama.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikamuuliza kama ataongeza chai.

Naona aibu, na si ya kifungo chake. Nimeishi naye nyumba moja miaka tisa tangu Mama afariki, nafua mashati yake, najua dawa zake zote kwa majina, na hili sikulijua.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepiga simu mara tatu. Inatumika, inatumika, haipokelewi.

Baba kanyoa ndevu. Kaleta shati jeupe, kaniomba nimpigie pasi. Nimelipiga mwenyewe, kola mara mbili. Nilipompa nikaanza: Baba, kuhusu kesho. Akasema kesho tuwahi, pale mtu hachelewi. Kachukua shati kaondoka.

Ningemwambia tusiende, ningelazimika kumwambia sababu. Na lile benchi je? Analitaka. Sijamwona akitaka kitu tangu Mama afariki.

Kesho nitamkamata yule dada mlangoni kabla hajafungua kinywa.

Jumamosi, 15 Juni. Saa tatu na robo asubuhi

Naandika hapahapa chumba cha kungojea, kwa penseli yao, nisije nikaanza kutembeatembea.

Tumefika wa kwanza. Yule dada hayupo dirishani, yuko ndani anajiandaa. Yupo mwenye mafua. Nikauliza kuhusu ujumbe wangu. Ujumbe gani? Nikamwambia tena, polepole, kama naongea na kiziwi: mzee asiletewe kofia. Kasema sawa mama, kapenga kamasi, hajainuka.

Chiriku kavaa 417 juu ya gauni lake la sikukuu na anapiga picha kila kitu. Baba hakuisoma, miwani iko mfukoni. Shati la 52 kalikunja vizuri, kaliweka magotini, hajalivaa. Tumekaa kwenye benchi refu, jeusi kwa kukaliwa. Mkono wake ulishuka chini ya ubao, ukapapasa, ukasimama mahali. Haujatoka mpaka sasa. Uso wake umetulia sana. Nilidhani ningemwona akilia.

Ameingia askari wa kuigiza, unga usoni, filimbi, daftari. Watu wanacheka tayari. Tunaitwa. "Tisa!" Nipo. "Thelathini!" Yupo, bwana mmoja na mkewe anamfinya.

"Mia nne kumi na saba!"

Chiriku karuka: "Nipo!"

Na Baba amesimama. Visigino pamoja, mikono nyuma, macho ukutani. "Nipo, afande."

Wanacheka wote, wanapiga makofi, wanadhani mzee anajua kuigiza. Chiriku anamvuta mkono, Babu hiyo ni yangu! Mlango wa nyuma umefunguka, yule dada ameingia na kofia kaishika kwa mikono miwili, funguo zinalia, anatafuta mzee ni yupi. Yuko mmoja tu.

Baba hajamwona. Bado amesimama. Anangoja aambiwe aketi, na humu ndani hakuna anayejua kwamba inabidi aambiwe, ila mimi.