Uji wa Mheshimiwa Kyengo

Kikima, Jumatano

Mjukuu wangu Kasiva,

Kosa la wengi ni kumjibu mtu wakati watu bado wanacheka naye. Wewe ulinyamaza, ukafanya vyema. Lakini kuacha bunge la wanafunzi, hapo sikubali.

Huku mbaazi zimetoa maua. Mama yako alinieleza: uliomba shule iache kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ipike mahindi mazima. Kyengo, mbunge mwenzako, akapaza sauti, "Mheshimiwa Spika, huyu anataka tule pumba kama kuku!" Babu yake alinicheka vivyo hivyo mkutanoni kule Kabati. Sijasahau.

Sasa sikiliza. Tukitwanga muthokoi, pumba huondoka pamoja na kiini, chenye mafuta na vitamini. Kuku hubaki na chakula, sisi tunabaki na weupe.

Ijumaa kabla ya kura ya hoja yako, wapikie wabunge wote uji wa pumba na wimbi, utie ndimu. Usiseme ni wa nini. Kyengo ataomba kikombe cha pili. Akikimaliza, simama useme polepole: "Mheshimiwa Spika, kuku wetu ameshiba."

Ukipata barua hii tu, peleka pumba kwa posho mili, kinu cha kusagia unga, zikasagwe.

Nyanya yako,
Kalunde